Usimsingizie Ng'ombe

Jumanne, 8 Julai

Shule zimefunguliwa. Kidato cha tatu, somo la seli. Nimefundisha nimekaa. Miaka yote nimewasema walimu wanaofundisha wamekaa kama wauza karanga, na leo nimekaa. Miguu haikutaka. Nilipoinuka kuandika mitokondria ubaoni, jasho likanidondokea mpaka kwenye chaki. Vijana wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Bora wangeendelea.

Mkuu wa shule alipita dirishani akaniona. Hakusema kitu. Yule hasemi, anatunza.

Sijui homa hii ina muda gani sasa. Inakuja jioni, inaondoka alfajiri, inaniachia mgongo kama nimebeba magunia. Zahanati wanasema typhoid. Nimemeza dawa za typhoid hadi typhoid yenyewe ingenionea huruma. Baridi ya mlima imeshuka mpaka huku Moshono, watu wote wako ndani ya makoti, mimi nalowa jasho.

Ijumaa, 11 Julai

Zahanati tena. Malaria hakuna. Typhoid ipo. UTI ipo. Nchi hii hata ukipeleka chupa ya chai maabara utaambiwa ina typhoid na UTI.

Mama Lilian alifunga duka lake la vitambaa mapema, akaja kunipikia mtori wa ndizi. Alisimama pale hadi nikamaliza. Mchaga huyu wa Machame, chakula kwake hakijadiliwi. Halafu akanisugua mgongo kwa mafuta, akasema kama ni uzee niseme mapema atafute kijana. Nilicheka mpaka nikakohoa. Lilian yuko chuo Dodoma, nyumba ni sisi wawili tu, na mimi sina malalamiko kabisa juu ya hilo. Nampenda mke wangu. Simwambii vya kutosha.

Jumatano, 16 Julai

Naandika kwa aibu japo hakuna atakayesoma. Korodani ya kulia imevimba. Ilianza juzi, leo siwezi kutembea kama mtu. Mama Lilian aliona ninavyokaa, akanibana, nikasema. Hakusita. Akanishika mkono hadi zahanati.

Tabibu mmoja kijana alinichungulia mara moja tu. Hakuuliza nakula nini, nakunywa nini, nimetoka wapi. Akavua glavu, akasema huu ni ugonjwa wa zinaa, tena umekaa, na mama naye atibiwe. Mlango wazi, watu kwenye benchi, sauti ya kunadi kuku. Akaandika dawa za watu wawili. "Nyie ni watu wazima, mtaongea nyumbani."

Hatukuongea. Mama Lilian alipika, akapakua sahani moja, yangu. Nilimwapia. Nikaapa kwa jina la Lilian. Akaniambia nisimwingize mtoto kwenye mambo hayo.

Sijawahi. Hapa sina wa kumdanganya. Sijawahi hata mara moja.

Alhamisi, 17 Julai

Ameondoka. Yuko kwa kaka yake, Olasiti. Ameacha mtori kwenye sufuria. Nilitaka kuumwaga. Nimeula.

Jumapili, 20 Julai

Leo ilikuwa Meza ya Bwana. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu alinisubiri mlangoni, akanivuta pembeni. Kwa upole, ule upole wao. Amesikia kuna jambo, basi ingefaa leo nibaki kwenye benchi mpaka jambo likae sawa. Amesikia! Mke wangu ameondoka Alhamisi, na Jumapili wazee wana ripoti.

Nikabaki. Benchi zima lilisimama kwenda mbele, nikakunja magoti kuwapisha. Mama mmoja alinikanyaga, akaniomba radhi huku akiniangalia kama marehemu. Nawachukia wote. Kesho nitajuta kuandika hivyo, leo sijuti.

Dawa za zinaa nameza. Uvimbe hauna habari.

Jumatano, 23 Julai

Mdogo wangu Anaeli ameshuka kutoka kwetu Akheri. Hakuniuliza kama ni kweli. Hicho ndicho kilichonikata maini. Alikuja na dawa tayari: nichukue isale, niende Olasiti, mambo yaishe.

Isale kwetu Wameru na kwao Wachaga ni jani lile lile. Unalikata mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea. Akilipokea amekusamehe, na hana ruhusa ya kulikataa, hata kama umemuulia ndugu yake. Ugomvi wa damu umeisha kwa lile jani. Sawa. Lakini hakuna asiye na kosa anayebeba isale. Ukilishika tu umeshakiri.

Nikamwambia sibebi. Nitabebaje? Akasema, "Kaka, ukweli haukupikii chai." Nikamfukuza. Alipofika getini nikamwita arudi, tukanywa chai niliyoipika mwenyewe. Ilikuwa mbaya sana. Anaeli aliimaliza hadi tone la mwisho.

Alhamisi, 24 Julai

Leo nina kitu cha kuandika.

Glory alikuja shuleni kuongea na wanafunzi wa sayansi. Nilimfundisha huyu miaka ile akiwa mwembamba kama fagio, siku hizi anatafiti magonjwa ya mifugo kwenye maabara moja huko Themi. Shikamoo mwalimu. Marahaba, nikiwa nimeshikilia ukuta wa ofisi ya walimu. Akaniangalia vizuri. Hakuniambia pole. Akauliza nakunywa maziwa gani.

Nikamwambia maziwa ya kwa mama, Akheri. Mgando wa kwenye kibuyu. Kila nikipanda mlimani nashuka na dumu, na pale pale nakula loshoro, mahindi yetu yaliyochanganywa na mgando. Mama hachemshi maziwa ya mgando. Nani anachemsha? Ukichemsha hayagandi vizuri, yanakuwa maji yenye hasira. Akauliza kama kuna ng'ombe aliyetupa mimba. Nikasema yupo, wakati wa Pasaka. Akauliza nani alimsaidia.

Mimi. Nilimvuta yule ndama mfu kwa mikono mitupu, hadi kwenye viwiko. Nikanawa. Mama akasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume, tukacheka, tukala.

Glory hakucheka. Mchana alinipeleka kwa daktari anayefanya naye kazi, wakatoa damu. Nikamweleza daktari na ule uvimbe. Akasema ndiyo, unaweza kufika huko, wamewaona wafugaji wengi hivyo. Alisema kama anaongelea mafua! Nilitaka kumkumbatia. Majibu Jumanne, kwa sababu wanataka kurudia kipimo waone dawa ipi inafaa.

Jumanne. Naweza kusubiri mpaka Jumanne.

Ijumaa, 25 Julai

Siwezi kusubiri mpaka Jumanne.

Shemeji kapiga simu kutoka Olasiti. Kikao ni kesho. Nisipokwenda, Jumapili Mama Lilian anapanda kwao Machame kwa mama yake, na jambo likishafika Machame linakuwa la ukoo. Huko hatarudi. Najua wanavyokalia mambo. Nikamwomba siku tatu tu. Nikamweleza damu, ng'ombe, kibuyu. Kila neno nililoongeza lilizidi kunichafua, nilijisikia mwenyewe.

Akasema, "Shemeji, unasubiri damu ije ikutetee?"

Nyuma yake nikamsikia Mama Lilian akiuliza, anasemaje? Hilo tu. Anasemaje. Ile sauti yake ya pua akiwa amelia.

Nimempigia Anaeli. Isale alishalikata tangu Jumatano. Mpuuzi yule ananijua.

Jumamosi, 26 Julai

Nimekwenda. Nimelibeba. Anaeli alikuwa amelifunga kwenye gazeti kama samaki.

Kupiga magoti na uvimbe ule si mchezo. Shemeji, mkewe, mzee mmoja wa ukoo wao, na Mama Lilian kwenye kochi na kitenge chake cha bluu. Nikamnyooshea jani. Ikabidi niseme, kwa sababu jani bila neno ni la mbuzi. Nikasema nimekosa. Wakasubiri. Nikasema nimekosa, nisamehe, mama.

Alilipokea. Akalia kwa sauti, mimi nikalia, yule mzee naye akapenga kamasi. Hakuna aliyeuliza mwanamke ni nani. Isale likishapokelewa haliulizwi. Wakaleta soda. Shemeji akanipiga bega, akasema mwanaume ni yule anayekubali. Wote wakaniangalia kwa upendo. Sijawahi kupendwa hivyo na watu wale nikiwa mwema.

Amerudi nyumbani na begi lake. Amenipikia. Amepakua sahani mbili.

Jumanne, 29 Julai

Imethibitishwa. Bruselosi. Wafugaji wanauita ugonjwa wa kutupa mimba, na mimi niliuvuta nje kwa mikono yangu. Daktari amenipa dawa za aina mbili, wiki nyingi, moja inageuza mkojo kuwa rangi ya soda ya chungwa. Ameniambia nisiruke hata siku moja. Sababu nilielezwa na Glory, na sababu hiyo imenikaa kifuani tangu asubuhi.

Alinichorea nyuma ya karatasi ya mtihani. Akasema, mwalimu, ulitufundisha mitokondria ni jiko la seli, ndipo nguvu inapopikwa. Ni kweli, lakini ni nusu. Mitokondria ndiyo pia yenye amri ya kifo. Adui akiingia ndani ya seli, mitokondria inaweza kutoa amri na seli ikajiua, nyumba ikaungua na mwizi ndani. Mwili unapoteza seli moja, unapona.

Bakteria huyu analijua hilo. Sijui nani alimfundisha, mimi sikumfundisha. Anaingia kwenye seli nyeupe, ile ile iliyotumwa kumla, na anajificha mahali ambapo seli haisagi chakula. Halafu anakwenda jikoni. Zile mitokondria ndefu zilizoungana zinakatika vipande vipande. Seli inabadilisha namna ya kupika, na yeye anapata cha kula. Na ile amri ya kifo inanyamazishwa. Seli haifi. Inakaa tu, hai, na tumbo lake limejaa wageni wanaozaana. Siku wakitosha wanatoka, wanabisha hodi kwa jirani. Glory anasema mengine bado wataalamu wanabishana, hasa jinsi wanavyotoka. Lakini hilo la kuifanya seli isife, hilo wanaliona.

Ndiyo maana homa inakuja na kuondoka. Ndiyo maana dawa za siku chache ni bure, zinapita nje ya nyumba ambazo zimefungwa mlango. Ndiyo maana sina nguvu ya kusimama mbele ya watoto wa watu.

Miaka ishirini nimesimama ubaoni nikisema jiko la seli, jiko la seli, kama kasuku. Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa. Nikamuuliza Glory kwa nini seli isijue kwamba imeingiliwa. Akasema inajua, mwalimu. Inajua sana. Ila ikipewa sababu ya kuendelea kuishi inaendelea.

Nilikunja ile karatasi nikaondoka bila kuaga vizuri. Binti wa watu hana kosa.

Alhamisi, 31 Julai

Nimemwambia. Nilichagua baada ya chakula, ameshiba, ametulia, anashona kifungo cha shati langu. Nikaeleza yote kwa mpangilio, kama somo. Ng'ombe, mgando, bakteria, uvimbe. Nikamwambia na yeye apime, kwa sababu lile dumu la Akheri tulikunywa wote. Nikamwambia sijawahi kumkosea na kule Olasiti nilisema tu ili arudi.

Hakuacha kushona. Akauliza nani kayasema haya. Nikasema daktari, na Glory. Glory ni nani? Mwanafunzi wangu wa zamani. Ana umri gani huyo Glory?

Nikaona shimo lilipo.

Akakata uzi kwa meno. "Baba Lilian, mimi nimeshakusamehe. Isale nimelipokea mbele ya watu. Usiniharibie msamaha wangu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua pa kushika. Nilimtazama nikaelewa kitu ambacho sikukitaka. Akiniamini leo, basi alimwacha mgonjwa kitandani na kwenda kwa kaka yake. Basi alimpigisha magoti mtu asiye na kosa. Hataki kuwa huyo. Na mimi sitaki awe huyo. Lakini mimi pia sitaki kuwa huyu. Jamani, na mimi je?

Jumapili, 17 Agosti

Nina nafuu. Uvimbe unapungua, homa ya jioni imekosa siku kadhaa mfululizo. Juzi nilifundisha nimesimama kipindi kizima. Mkuu wa shule alipita, akatikisa kichwa kuniunga mkono. Nadhani na yeye alishasikia. Wanaume wa pale ofisini wananiheshimu kuliko zamani, ndiyo balaa yenyewe. Mmoja aliniuliza kwa kunong'ona huyo mwanamke nilimpata wapi.

Leo baada ya ibada nilipanda Akheri kumwambia mama achemshe maziwa. Nikamweleza kwamba yule ng'ombe ndiye mwenye ugonjwa, apimwe, asikamuliwe kwa ajili ya watu, na yeye mwenyewe mama apime. Nilieleza kwa Kimeru, polepole. Alinisikiliza hadi mwisho, ana adabu mama yangu. Halafu akaniwekea mkono kwenye goti.

"Mwanangu, yaliisha. Mkeo karudi. Usimsingizie ng'ombe."

Anaeli alikuwa mlangoni, akageukia migomba. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nikacheka hadi machozi, na mama akafurahi akidhani nimekubali. Akaniletea loshoro. Nikamwambia sili. Akaumia. Huyo naye sasa anaamini mtoto wake, mbali na uzinzi, ana maringo.

Mtaalamu wa mifugo atapanda wiki ijayo, nimepanga naye mwenyewe. Mama atanuna. Anune.

Mzee wa kanisa amenipa mkono leo mlangoni. Nilikwenda mbele pamoja na wengine. Nilipokea. Sikusikia kitu, mdomo ulikuwa mkavu.

Jumatano, 10 Septemba

Ng'ombe amekutwa nao. Ametolewa zizini. Mama hajaniongelesha, Anaeli anasema atanisalimia Krismasi.

Mama Lilian alianza homa wiki iliyopita. Jioni tu. Alikuwa anajishika kiuno dukani akidhani simwoni. Nilimwomba, akakataa. Jana akashindwa kunyanyua rola la kitambaa, ndipo akakubali. Nilimpeleka kwa daktari yule yule, leo jibu limetoka. Ni yenyewe.

Daktari alimweleza vizuri sana. Maziwa mabichi, mgando, ng'ombe wa kwa mkwe wake. Alirudia. Nilikaa kimya kabisa pembeni, nikasema leo, leo atasikia kwa mtu mwingine. Mama Lilian aliitikia kwa kichwa kila neno. Halafu akauliza swali moja tu. Ugonjwa huu unaweza kutoka kwa mume kwenda kwa mke?

Daktari ni mtu mkweli. Alifikiri kidogo, akasema ni mara chache sana, mara chache mno, lakini imewahi kuonekana.

Nikaona uso wa Mama Lilian ulivyotulia.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje kusubiri dawa. Kulikuwa na jua zuri, la kwanza baada ya siku nyingi. Alinitafuta mkono, akaushika, akauweka mapajani mwake juu ya mkoba. Mkono wake ulikuwa wa moto. Akasema, bila kuniangalia, kwamba amenisamehe na hili.

Nikasema asante, mama. Wakaita jina lake dirishani, nikaenda kumchukulia dawa.